Daftari la Mistari Mitatu: Namna ya Kuandika Kero, Kumbe na Shukrani za Kila Siku Bila Kuliacha Njiani

Wengi wanaoanza daftari la shukrani huanza kwa kishindo na kuishia siku ya tisa au ya kumi. Nimeyaona madaftari hayo. Ukurasa wa kwanza una mwandiko safi: "Nashukuru kwa afya. Nashukuru kwa familia. Nashukuru kwa uhai." Siku ya pili ni yale yale. Siku ya tano mwandiko umeanza kulala. Baada ya hapo ni karatasi tupu hadi jalada la nyuma.

Wenyewe hujilaumu kwa uvivu. Mimi nalaumu kilichoandikwa. Neno ambalo lingeweza kuandikwa siku yoyote, na mtu yeyote, halina la kumrudisha mwandishi kesho yake. Halafu kuna kosa la pili: daftari limetengewa mazuri peke yake, kwa hiyo siku inapoharibika mtu anakaa mbele ya ukurasa na kujiona mnafiki. Anaufunga.

Njia iliyo hapa chini inadai mistari mitatu tu kwa siku: kero moja, kumbe moja (jambo lililokwenda kinyume na ulivyodhani), shukrani moja. Yote yawe yametokea leo, na kadiri yalivyo madogo ndivyo yanavyofaa. Mali bila daftari hupotea bila habari, na siku nazo hupotea vivyo hivyo.

## Vitu vya kuandaa kwanza

- Daftari dogo lenye mistari, linaloenea mkononi. Daftari kubwa linatisha. Ukiandika mistari mitatu ukurasa unabaki mtupu na unahisi hujafanya kitu.
- Kalamu moja iliyofungwa kwenye daftari kwa uzi au kubanwa kwenye jalada. Kutafuta kalamu kumeua madaftari mengi.
- Penseli moja ya rangi, kwa kazi ya mwisho wa wiki.
- Kitu cha kunasia mambo mchana: karatasi iliyokunjwa mfukoni au programu ya kuandikia kwenye simu.
- Dakika saba jioni, na dakika ishirini siku moja ya wiki.
- Mahali ambapo hakuna atakayelifungua bila ruhusa. Ukiogopa kusomwa utaandika uongo, na uongo wa adabu ndio mbaya zaidi.

Usinunue daftari la bei ya juu lenye jalada la ngozi. Utalionea huruma kulichafua kwa kero za droo na funguo, na hizo ndizo tunazozitaka.

## Hatua ya 1: Lifunge daftari kwenye jambo unalolifanya tayari

Usiseme "nitaandika usiku." Usiku ni mrefu. Chagua tendo ambalo hulikosi: kupiga mswaki, kufunga mlango, kuweka simu kwenye chaja. Kisha jiambie: nikishaweka simu kwenye chaja, naandika. Weka daftari pale pale pa chaja.

Sababu ni kwamba mazoea hushika kwa kurudia tendo lile lile mahali pale pale. Mwaka 2010 Phillippa Lally na wenzake wa chuo kikuu cha University College London (UCL) walichapisha utafiti wa watu 96 waliokuwa wakijijengea zoea moja kila mmoja. Muda wa katikati wa tendo kuanza kuja lenyewe ulikuwa siku 66, lakini kulikuwa na wa siku 18 na wa makadirio ya siku 254. Kwa hiyo ukifika wiki ya tatu na bado unajikumbusha kwa nguvu, hujaharibikiwa. Uko njiani.

Tahadhari: usiandike ukiwa umelala tayari. Utaandika neno moja na kuamka na wino kwenye mto.

Utajua imekaa pale utakapoweka simu kwenye chaja na mkono wako ukaenda kwenye daftari kabla hujawaza.

## Hatua ya 2: Nasa jambo likiwa bado moto

Hapa ndipo wengi huanguka bila kujua. Jioni wanakaa, wanajiuliza "leo kumetokea nini?", jibu linakuja: hakuna. Kumetokea mengi. Yameshavuja.

Mwanasaikolojia wa Kijerumani Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, na matokeo yake ya mwaka 1885 yalionyesha kwamba sehemu kubwa ya kusahau hutokea mapema, ndani ya saa ya kwanza, kisha kasi inapungua. Matukio ya maisha hayafutiki haraka kama silabi zile, lakini lile dogo, la mtu kukushikia mlango ukiwa umebeba mzigo, halifiki jioni bila msaada.

Msaada wenyewe ni maneno mawili au matatu. "Mlango – mzigo – kijana." "Droo tena." "Mtoto – swali la kivuli." Basi. Usitunge sentensi mchana. Ukianza kutunga utakuwa mtazamaji wa maisha yako badala ya kuyaishi, na walio karibu nawe watachoka kukuona unaandika wakiongea.

Tahadhari: ukitumia simu, andika na uirudishe mfukoni. Ukiona umeingia kusoma ujumbe, rudi kwenye karatasi.

Utajua umefanikiwa jioni ukiwa na vidokezo vitatu hadi sita. Zaidi ya kumi, unawinda kupita kiasi.

## Hatua ya 3: Andika kero kwanza

Kero itangulie kwa sababu itajisukuma mbele hata ukiizuia. Ukianza na shukrani wakati kifua kimejaa, shukrani itatoka kama ya mtoto aliyelazimishwa kusema asante.

Mstari wa kero una vipande vitatu.

Kilichotokea, kama kingeonekana kwenye picha. "Alisema nimechelewa mbele ya wote, mimi nilikuwa nimefika dakika mbili kabla." Futa maneno kama "kila mara", "siku zote", "hajawahi". Hayo ni mashtaka, na ushahidi wake haumo ndani ya siku moja.

Jina la hisia. Usiishie "nilikasirika." Hasira ni koti; angalia limevaliwa juu ya nini. Aibu? Wivu? Kudharauliwa? Njaa? Uchovu wa kusubiri? Kuonewa? Kutaja jina kuna kazi yake. Katika utafiti wa Matthew Lieberman na wenzake uliochapishwa mwaka 2007, watu walipoonyeshwa picha za nyuso zenye hisia na kutakiwa kuchagua neno la hisia ile, shughuli katika amigdala, sehemu ya ubongo inayohusika na hofu na tahadhari, ilipungua. Bila utafiti huo pia unalijua: ukishasema "kumbe nilikuwa na aibu," kitu kinalegea mabegani.

Alama moja pembeni. T kwa *tengeneza*, S kwa *sema*, A kwa *achilia*. T ni kitu unachoweza kukigusa mwenyewe: kitasa, ratiba, kengele ya asubuhi. S ni jambo linalohitaji mtu mwingine alisikie. A ni mvua, foleni, tabia ya mtu usiyemjua.

Ukiweka T, ongeza tendo moja la kesho: "T – lete bisibisi." Mwaka 2018 Michael Scullin na wenzake wa Chuo Kikuu cha Baylor walilaza watu 57 maabara. Nusu waliandika kwa dakika tano mambo watakayofanya siku zijazo, nusu waliandika waliyokwisha kuyafanya. Walioandika ya mbele walipata usingizi mapema kwa takriban dakika tisa. Jambo lililopewa siku yake halina haja ya kukuamsha.

Mimi mwenyewe nilikuwa na droo ya jikoni iliyokuwa ikikwama. Nilipopitia daftari langu niliikuta mara kumi na moja ndani ya wiki tano. Nililaani mbao, nikalaani fundi, nikalaani unyevu wa hewa. Ilikuwa skrubu moja iliyolegea. Dakika nne.

Tahadhari kubwa: kero isipite sentensi mbili. Ukigeuza ukurasa ukiwa bado kwenye kero, weka kalamu chini. Umetoka kwenye kuandika na kuingia kwenye kulichimba jeraha, na jeraha linalochimbwa halifungi. Na kama kinachojirudia ni kupigwa, kutishwa au kutukanwa, hiyo imeshavuka mpaka wa kero. Mweleze mtu unayemwamini na utafute msaada. Vivyo hivyo huzuni inayokukalia karibu kila siku kwa zaidi ya wiki mbili ipeleke kwa mhudumu wa afya. Daftari si dawa ya hayo.

Utajua mstari umekaa ukiweza kuusomea mtu mwingine bila kuongeza maelezo ya kujitetea.

## Hatua ya 4: Andika kumbe yako

Huu ndio mstari ninaoupenda kuliko yote, na ndio unaorukwa sana. Watu wakisikia "mshangao" wanangoja muujiza. Wakiukosa wanaandika "hakuna."

Acha neno mshangao. Tumia *kumbe*. Lugha yetu imetupa neno zima la kutangaza kwamba tulikosea kudhani, na tunalitumia mara nyingi kwa siku bila kulisikia. Mstari unajengwa hivi:

*Nilidhani ______, kumbe ______.*

"Nilidhani ananinunia; kumbe sikio lake moja halisikii vizuri."
"Nilidhani kazi ile ingenichukua saa mbili, kumbe dakika ishirini na tano."
"Nilidhani mtoto hasikilizi, kumbe amenakili maneno yangu neno kwa neno, pamoja na lile baya."
"Nilidhani nitafurahi akiomba radhi, kumbe nilitaka tu aache."

Nusu ya kwanza ndiyo yenye thamani, nayo ndiyo watu huificha. "Kumbe jirani ni mcheshi" haina uzito mpaka uandike ulichokuwa umemdhania kabla. Ubongo hujifunza pale ulichotarajia na kilichotokea vinapopishana. Yakilingana hauna la kurekebisha. Ukiandika nusu zote mbili unalishika somo kwa pande zake mbili.

Kumbe si lazima iwe tamu. Ile ya mwisho hapo juu haikuwa tamu hata kidogo. Inaweza pia kuwa ya kijinga, na za kijinga ndizo zitakazokuchekesha miezi sita baadaye: "Nilidhani nimepoteza miwani, kumbe nimeivaa."

Ukikwama kabisa, jiulize maswali haya, moja moja, mpaka moja likupe jibu:

- Ni nani leo alifanya kinyume na nilivyomtarajia?
- Ni kitu gani kilichukua muda mfupi au mrefu kuliko nilivyokadiria?
- Nilibadilisha mawazo kuhusu nini, hata kama ni njia ya kupita?
- Niliona nini mahali ninapopita kila siku, ambacho sikuwahi kukiona?

Swali la mwisho halijawahi kuniangusha. Inua macho juu ya usawa wa milango. Huko juu kuna madirisha, maandishi yaliyofifia na viota ambavyo hakuna aliyekuambia.

Tahadhari: usigeuze kumbe kuwa kujishutumu. "Nilidhani mimi ni mtu mwema, kumbe sina maana" ni hukumu iliyovaa nguo za kumbe. Rudi kwenye tukio: nini hasa kilitokea, saa ngapi?

Utajua umefanikiwa utakapojisikia ukisema "kumbe" kwa sauti mchana, na papo hapo ukajua hilo ndilo la leo.

## Hatua ya 5: Funga kwa shukrani yenye mtu, tendo na gharama

Sasa shukrani, ikiwa ya mwisho ili uondoke nayo. Jaza nafasi tatu: *nani, alifanya nini, ilimgharimu nini*.

Dhaifu: "Nashukuru kwa wafanyakazi wenzangu."
Imara: "Mwenzangu alibaki dakika kumi baada ya saa za kazi kunionyesha namna ya kupanga zile safu, na alikuwa ameshavaa koti."

Koti ndilo lililobeba shukrani. Linaonyesha alikuwa anaondoka, akarudi. Tafuta koti katika kila tendo: kiti alichokiacha, usingizi alioukatiza, swali aliloliuliza mara ya pili kwa sababu uliitika bila kusikiliza. Shukrani isiyoona gharama hubaki kuwa adabu.

Na kama hakukuwa na mtu? Kuna siku za namna hiyo. Andika kitu, lakini kwa njia ya kukiondoa: "Kama umeme ungekatika saa ile, ningepoteza kazi ya asubuhi nzima." Kukiwazia kisingekuwepo hukifanya kionekane tena, maana kilichopo kila siku hugeuka kuwa ukuta.

Hapa kuna mtego unaostahili maneno zaidi. Si kila msaada unaleta shukrani. Mwingine unakuja na masimango: umesaidiwa asubuhi, na kabla ya jioni umeshakumbushwa mara tatu. Ukijilazimisha kuandika shukrani hapo, mkono utakuwa mzito, na una haki ya kuwa mzito. Yagawe. Msaada uende kwenye shukrani ikiwa kweli ulikufaa, masimango yaende kwenye kero ya kesho, pamoja na alama yake. Mtu mmoja anaweza kukaa kwenye mistari miwili bila kugombana na nafsi yake.

Siku isiyo na shukrani kabisa, andika "leo sikuiona" na ufunge daftari. Mstari wa kweli wenye maneno mawili unashinda aya ya kubuni. Wala "nashukuru kwa uhai" silidharau. Mahali pake ni kwenye sala, na huko halichoki. Hapa tunaandika yaliyotokea.

Utajua umefanikiwa ikiwa mtu aliyetajwa, akiusoma mstari huo, angejua ni siku ipi unayoizungumzia.

## Hatua ya 6: Soma wiki nzima, kisha fanya mambo mawili

Bila hatua hii daftari ni kabati. Chagua siku moja, keti dakika ishirini, soma mistari ishirini na moja kwa mpigo. Chukua penseli ya rangi.

Kwanza, zungushia kero iliyotokea mara tatu au zaidi. Ikiwa ina T, itengeneze wiki hii, hata kwa kuanza tu. Ikiwa ina S, panga utamwambia lini, kwa kutumia sentensi uliyoiandika na si ile iliyokuwa kichwani. Kero ya T iliyokaa wiki nne bila kuguswa ibadilishe iwe A mbele ya macho yako. Mara nyingi ukiona aibu kuibadilisha, utaifanya.

Pili, pigia mstari jina lililojirudia kwenye shukrani, umwambie mwenyewe. Usimwandikie risala. Msomee tendo: "Siku ile ulirudi ukiwa umevaa koti. Sikusema kitu, lakini niliona." Atakayeshukuriwa hivi pengine atakuwa amesahau, hiyo nayo ni kumbe ya siku hiyo, iandike.

Kwa nini kero na shukrani zisomwe pamoja? Katika utafiti wa Robert Emmons na Michael McCullough wa mwaka 2003, kundi moja liliorodhesha mara moja kwa wiki, kwa wiki kumi, mambo hadi matano ya kushukuru, na lingine likaorodhesha yaliyowaudhi. Wa shukrani waliyaona maisha yao kwa jicho zuri zaidi kuliko wa kero. Daftari la malalamiko peke yake, basi, halitakupumzisha. Ila daftari lisilo na kero nalo, kwa niliyoyaona, halifiki siku ya kumi na moja.

## Mambo yanayoharibika, na namna ya kuyatengeneza

Umeruka siku tatu. Usilipe deni. Acha mstari mmoja wazi, andika tarehe ya leo, endelea. Katika utafiti ule wa Lally, kukosa siku moja hakukuharibu ujenzi wa zoea. Kinachoharibu ni mtu kukaa Jumamosi akibuni yaliyotokea Jumatano.

Shukrani zimeanza kufanana. Zipunguze. Sonja Lyubomirsky na wenzake waliona kwamba waliohesabu baraka zao mara moja kwa wiki walifaidika kuliko waliofanya hivyo mara tatu. Endelea na kero na kumbe kila siku, shukrani ibaki ya siku ya kusoma.

Kila kero inamhusu mtu mmoja. Kwa wiki moja andika kero zisizo na watu: vitu, saa, mwili wako. Kisha rudi umwangalie yule mtu. Huenda bado ni yeye. Huenda ulikuwa hulali vya kutosha.

Mtu wa nyumbani amelisoma. Usihamie kwenye maandishi ya mafumbo, utajichosha. Badilisha mahali pa kulihifadhi, na uandike kero ya daftari kusomwa kwa alama ya S.

Unaandika vizuri mno. Sentensi zimenyooka, tamathali zimepangika, na hakuna kilichotokea. Kwa siku tano andika kwa mkono usiouzoea. Utabaki na nomino na vitenzi, na hivyo ndivyo tulivyovihitaji tangu mwanzo.

## Daftari likijaa

Andika kwenye jalada tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Pitia kurasa zote mara moja, kwa haraka, ukitafuta T na S ambazo hazijafungwa. Zinakili kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari jipya, zisizidi tano. Zilizobaki ziandikie A kwa kalamu, si kwa penseli, kisha uihamishie kalamu kwenye jalada jipya na uliweke pale pa chaja.